Katiba ya Burundi na Mkataba wa Arusha: Yanayosemwa na Yaliyoandikwa

Dhana iliyoenea mno ni kwamba vita vya Burundi, vilivyoanza mwaka 1993, vilikwisha Mkataba wa Arusha, yaani mkataba wa amani wa nchi hiyo, ulipotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Ukweli ni kwamba makundi ya waasi yaliyokuwa na nguvu msituni, CNDD-FDD na FNL, hayakutia saini. La kwanza lilikubali kusitisha mapigano mwishoni mwa 2003, na la pili likaweka silaha chini mwaka 2009, miaka minne baada ya wananchi kuipitisha katiba mpya kwa kura ya maoni.

Wengi husema pia kwamba katiba hiyo iliwagawa wapiga kura kikabila. Sivyo. Mrundi huipigia kura orodha ya chama, na mgawo wa viti vya Bunge, asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, huanzia ndani ya orodha zenyewe, kwa kuwa katika wagombea watatu wanaofuatana hawaruhusiwi kuzidi wawili wa kabila moja. Mgawo usipotimia, huongezwa wabunge wa kujazia, na Watwa hupewa viti 3. Sharti hili lilikuwa la busara kubwa, kwani lilikilazimu kila chama kutafuta wenzake upande wa pili kabla ya kampeni kuanza.

Dhana yenye madhara zaidi ni kuiona katiba kuwa nakala ya mkataba. Mkataba unatamka wazi kwamba hakuna atakayeongoza zaidi ya mihula miwili. Katiba ya 2005, katika ibara ya 96, ilimtaja rais anayechaguliwa moja kwa moja na wananchi kwa muhula unaorudiwa mara moja tu, ilhali ibara ya 302 iliruhusu rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito achaguliwe na wabunge na maseneta. Rais huyo wa kwanza, Pierre Nkurunziza, aliingia madarakani kwa njia hiyo mwaka 2005. Mwaka 2015 wafuasi wake walidai kwamba muhula ule hauhesabiki, Mahakama ya Katiba ikamruhusu kugombea muhula wa tatu, na machafuko yaliyofuata yakawafukuza mamia ya maelfu ya Warundi hadi Tanzania na nchi nyingine jirani.

Wala katiba ya 2018 haikufuta mgawo wa kikabila. Iliondoa sharti la theluthi mbili ya kura katika kupitisha sheria za kawaida, ambalo liliwapa wachache uwezo wa kuzuia, na ikaipa Seneti miaka 5 kutathmini kama mgawo uendelee au ukomeshwe.