“Nani alimuumba Mungu?” haijibu hoja ya chanzo

Mjadala wa kuwepo kwa Mungu ukifika kwenye hoja ya chanzo, yaani kwamba ulimwengu lazima una chanzo na chanzo hicho ni Mungu, hakosekani wa kuuliza: “Kama kila kitu kina chanzo, Mungu naye katoka wapi?” Wengi huona hoja imeishia hapo. Lakini walioijenga hawakusema kila kitu kina chanzo. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alisema kila kinachoanza kuwepo kina kisababishi, na Mungu anayemzungumzia hakuanza.

Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alipita njia nyingine kabisa, na hapa ndipo watu hupotea zaidi. Aliona akili pekee haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Mwanzo huo aliukubali kwa imani. Hoja yake inahusu utegemezi wa sasa hivi. Mfano wake ni fimbo: haisogei ila mkono uisogeze. Hata ulimwengu ungekuwapo tangu milele, bado, kwa maoni yake, vinavyosogezwa vingehitaji kisichosogezwa na chochote.

Pingamizi kali lipo. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliuliza kwa nini ulimwengu wenyewe, badala ya Mungu, usiwe ndio ulio wa lazima, yaani usioweza kutokuwepo. Hilo ndilo linalostahili kujadiliwa.