"Soccer" si neno la Wamarekani

Mombasa, palipo na televisheni na mechi ya ligi ya Uingereza, hakosekani mjuzi wa kumkosoa mwenzake: "Usiseme soccer bwana, hicho Kiingereza cha Marekani. Mwingereza husema football."

Anavyosema Mwingereza wa leo, kweli. Lakini neno lenyewe lilizaliwa Uingereza. Mwaka 1863 chama cha mpira kiliundwa London, na mchezo wenye kanuni zake ukaitwa "association football" ili usichanganywe na raga. Wanafunzi wa Oxford walikuwa na mtindo wa kukata maneno na kuyabandika "-er" mwishoni. Rugby ikawa "rugger". Na katikati ya "association" wakachomoa "soc", ikawa "soccer". Waingereza walilitumia bila haya kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Wamarekani walilishika kwa sababu wana football yao nyingine, ile ya kukumbatia mpira na kukimbia nao. Afrika Kusini nao wanalo: fainali ya Kombe la Dunia ya 2010 ilichezwa Soccer City. Na watangazaji wetu wanaosema "soka", mbona hawaitwi Wamarekani?

Tahajia nayo ina mtego. "Organize" yenye z hukatiwa wino mwekundu eti ni ya Marekani, ilhali kamusi ya Oxford yenyewe huiandika hivyo. "Color" bila u, hiyo kweli ya Marekani. Noah Webster, mtunzi wa kamusi wa Marekani, aliipigia debe, na imo katika kamusi yake ya 1828.