Tangazo la picha halijisomi kwenye simu ya asiyeona

Wengi huamini kuwa simu yenye programu ya kusoma skrini humsomea asiyeona chochote kilichopo kiooni. Ndiyo maana tangazo la msiba au la kikao hutumwa likiwa picha, na mtumaji akaona kazi imeisha.

Programu hizo, kama TalkBack ya Android na VoiceOver ya iPhone, husoma hasa maandishi yaliyochapwa. Kwenye picha isiyo na maelezo, mara nyingi msikilizaji huambiwa "picha", basi. Zipo zinazojaribu kutambua herufi zilizomo, lakini mapambo, jedwali na mihuri huzivuruga; na namba ya simu ikikosewa tarakimu moja, imeharibika yote.

Pima mwenyewe. Kwenye PDF, bonyeza neno na kulishikilia: lisipochagulika, huenda ukurasa ni picha iliyoskaniwa. Au washa TalkBack kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu (Accessibility), kisha fumba macho. Telezesha kidole kulia kusogea mbele, gusa mara mbili kufungua. (Jifunze kwanza kuizima, maana miguso uliyoizoea hubadilika.)

Tiba ni nyepesi: chapa chini ya picha maneno yaleyale, yaani tarehe, saa, mahali na namba.