Kulegeza kamba si kusalimu amri

Hapa Nairobi nasikia watu wakitumia maneno mawili ya Kiingereza, compromise na trade-off, kana kwamba ni pacha. Si pacha hata kidogo.

La kwanza kwa kawaida huhitaji watu wawili. Nenda Gikomba, soko la mitumba: muuzaji anataka mia tano kwa koti, wewe umefika mia tatu. Anageuza koti akuonyeshe bitana isiyo na doa. Wewe unamwonyesha kifungo kinachoning'inia. Mnakutana mia nne. Kila mmoja amelegeza kamba na hakuna aliyeshindwa. Wengi hulichukua neno hili kama kusalimu amri, na hilo linaniuma, kwa sababu asili yake ni Kilatini, kuahidiana: waliogombana waliahidi pamoja kwamba watatii uamuzi wa msuluhishi. Sisi tuna muafaka na maridhiano, maneno yenye uzito kuliko ile "basi yaishe" ya mtu aliyechoka kubishana.

La pili unaweza kulimaliza peke yako. Ukihamia Rongai, nje kidogo ya Nairobi, unapata vyumba vikubwa kwa kodi nafuu, lakini unalipa kwa saa zako kwenye foleni ya Magadi Road. Huna wa kumbembeleza. Barabara haipunguzi bei. Huko ni kupima, kujinyima hiki ili upate kile.

Na ukiambiwa kwa Kiingereza kwamba nywila yako ni compromised, usidhani kuna mapatano yoyote. Imeingia mikononi mwa mtu mwingine, ibadilishe leo.