Kufunga soko la watumwa si kufuta utumwa

Kila muhula mabasi ya shule hupanda hadi ngome ya kale ya Patiko, kilomita kama 30 kaskazini mwa Gulu, Uganda. Watoto wanashuka, wanaparamia miamba ya Ocecu, na mwalimu anawatangazia: "Hapa ndipo Baker alipokomesha utumwa mwaka 1872." Nimeyasikia maneno hayo kwa walimu, kwa wageni wa kutoka Nairobi, hata redioni, na sasa yamenichosha.

Maana yenyewe ni fupi. Biashara ya watumwa ni kukamata watu au kuwanunua, kuwasafirisha na kuwauza. Utumwa ni hali ya mtu kumilikiwa na mwenzake, tena kwa kukubaliwa na sheria au mila. Ukifunga soko umezuia wapya wasiletwe. Aliyenunuliwa jana ataamka kesho akiwa bado mali ya mtu, na mara nyingi mtoto wake naye vilevile. Basi, ni hayo tu.

Sasa turudi Patiko. Samuel Baker, mpelelezi Mwingereza, aliajiriwa na Khedive Ismail, mtawala wa Misri, mwaka 1869, mkataba wa miaka minne, mshahara pauni 10,000 kwa mwaka. Kazi aliyopewa ilikuwa kuzitwaa nchi za kusini mwa Gondokoro, kituo cha Mto Nile katika Sudan Kusini ya leo, ziwe za Misri, na kukomesha biashara ya watumwa humo. Tajiri wake huyo alikuwa na watumwa katika majumba yake mwenyewe, na Wamisri wenye uwezo waliendelea kuwamiliki bila kuvunja sheria yoyote. Kuufuta utumwa hakukuwa sehemu ya mkataba.

Alipofika hapa alikuta kituo cha watu wa Abu Saud, wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa waliotokea Khartoum, ambao Waacholi waliwaita Kutoria. Agosti 1872 walipigana, Baker akashinda, na mwaka uliofuata mkataba ukaisha akaenda zake. Kibao kilichopo pale kinaandika kwamba Baker ndiye aliyeianzisha ngome, miaka 1872 hadi 1888, kisha ikakaliwa na Gordon na Emin, magavana wa Misri waliomfuata. Kutoria waliotangulia kibao hakiwataji, kwa hiyo simlaumu sana mwalimu. (Na kuna Florence, mkewe Baker, ambaye Waacholi walimwita Anyadwe, binti wa mwezi. Inasimuliwa kwamba Baker alimpata kwenye mnada wa watumwa huko Vidin, katika Bulgaria ya leo, mwaka 1859. Watoto wangeelezwa hilo wasingesinzia.)

Kosa hilohilo utalikuta Zanzibar, tena limevaa suti. Shule zetu zenye uwezo hupeleka wanafunzi Mkunazini, mahali lilipokuwa soko. Wanaonyeshwa kanisa la Kianglikana, wanashuka kutazama sanamu za zege zilizosimama shimoni, shingoni zimefungwa mnyororo halisi wa zama zile. Wanarudi Kampala na sentensi moja: utumwa Zanzibar uliisha 1873.

Haukuisha. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga masoko na kuzuia watumwa kusafirishwa baharini. Jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Wafanyabiashara hawakukaa wakalia: waliipeleka misafara kwa miguu kufuata mwambao kwenda kaskazini, mpaka Barghash akalazimika kupiga marufuku na njia hiyo mwaka 1876. Na wakati huo wote mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalikuwa yakivunwa na watumwa, kihalali kabisa. Mtoto aliyezaliwa utumwani Pemba wiki ile soko lilipofungwa alitimiza miaka 23 akiwa bado mtumwa.

Hali yenyewe ilifutwa kisheria Aprili 1897, chini ya Sultani Sayyid Hamoud, na hapo pia kwa masharti. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, aonyeshe ana pa kukaa na cha kumlisha, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Bwana alilipwa fidia. Masuria hawakuhusishwa, wao walisubiri hadi 1909. Mwambao wa Kenya ulifikiwa 1907, Tanganyika 1922. Uingereza yenyewe, inayopenda kushangiliwa, ilipiga marufuku biashara mwaka 1807, na watumwa wa makoloni yake wakangoja mpaka Agosti 1834, kisha wengi wao wakafungwa miaka mingine minne kwa jina la uanagenzi.

Huenda utasema ninahesabu nywele. Lakini ukichanganya mambo haya mawili hapa Uganda, kuna watu wanaotoweka kwenye historia. Tangu Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu, alipofika kwa Kabaka Suna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844, baadhi ya mateka wa vita walibadilishwa kwa bunduki na nguo, wakapelekwa pwani. Hao tunawakumbuka, kwa kuwa mnunuzi alikuwa mgeni na ni rahisi kumnyooshea kidole. Wengine hawakwenda popote. Walibaki Buganda kama abaddu na abazaana, yaani watumwa wa kiume na wa kike, wakilima, wakipika, wakizaa katika nyumba za machifu, na hakuna soko lililofungwa popote lililowagusa. Mwaka 1893 ndipo machifu wa Kiprotestanti walipomwandikia Askofu Tucker wa kanisa la Kianglikana kwamba wamekubali kuwaachia watumwa wao. Miaka 21 baada ya vita vya Patiko, huku Buganda, machifu bado walikuwa na watumwa wa kuachia.

Kwa hiyo mwalimu wangu, kipindi kijacho waambie wanafunzi kwamba Baker aliwafukuza Kutoria kituoni hapa na kuivuruga biashara yao kwa muda. Ni kweli, na inatosha kwa safari ya siku moja. Akitokea mmoja akakuuliza utumwa uliisha lini, usimpe mwaka kabla hujamuuliza: wapi?