Baada ya "and", kitenzi cha pili kivae nini?

Mtu aliyelelewa kwa Kiswahili anapoandika Kiingereza, makosa yake mengi ya "to" hayaanzii kwenye kitenzi. Yanaanzia kwenye neno dogo lililokitangulia: "and", "but", "so that", "before". Nayaona kwenye barua za kampuni za kutoa mizigo bandarini Kilindini, kwenye ripoti za mahoteli ya Nyali, na kwenye insha za watahiniwa wa KCSE. Anayeandika anakijua kitenzi vizuri. Lisilomjia ni umbo ambalo kiunganishi kinalidai.

Tuanze na "and", maana hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotuponza. Sisi huruhusu kitenzi cha pili kivuliwe nafsi na wakati: "Alifunga duka na kwenda nyumbani." Kila msikilizaji anaelewa kwamba alikwenda. Kiingereza hakitoi ruhusa hiyo. "He closed the shop and to go home" haisimami, wala "closed the shop and go home". Kiunganishi "and" hufunga maumbo yanayolingana: "He closed the shop and went home."

Jambo hili si la urembo tu. Chukua "Alisahau kufunga stoo na kwenda nyumbani." Kwa Kiswahili sentensi hiyo ina utata, na msemaji makini huuondoa kwa kusema "akaenda". Kwa Kiingereza utata huo huamuliwa na umbo la kitenzi cha pili. "He forgot to lock the store and went home" maana yake stoo iliachwa wazi, naye akaondoka. "He forgot to lock the store and go home" maana yake alisahau yote mawili: stoo haikufungwa na yeye hakwenda nyumbani. Katika barua ya madai ya bima, tofauti hiyo ni kubwa. Kabla ya kuandika kitenzi baada ya "and", jiulize kimefungwa na kitenzi kipi cha nyuma, kisha kipe umbo la mwenzake.

Vitenzi viwili vikiwa chini ya "to" moja, "to" hiyo hutosha: "I want to go to Kongowea and buy tomatoes." Kiswahili hurudia "ku-" kila mara, kwa hiyo wengi huandika "to go and to buy". Si kosa, ila huelemea sikio. Mimi huirudisha "to" mahali pawili. Kwanza, maneno mengi yakiwa yametenganisha vitenzi na msomaji anaweza kupotea njiani. Pili, penye "not": "The driver was told to wait at the gate and not to open the container." Hapo "to" ya pili hulitenga katazo na agizo, na dereva hawezi kudai hakuelewa.

"Njoo uone" ni "come and see". "Nenda ukaulize" ni "go and ask". Wamarekani huiacha "and" wakasema "go ask". Zenye "and" hukubali wakati uliopita: "I went and asked." Lakini "try and" haikubali. "I'll try and come" ni sawa katika mazungumzo, hasa Uingereza, ila "he tries and comes" na "I tried and came" hazibebi tena maana ya kujaribu kuja. Kwenye barua rasmi na mtihani andika "try to", uwe salama.

"But" yenye maana ya "isipokuwa" ina tabia mbili, na wachache hufundishwa. Kabla yake pakiwa na "do", kitenzi kinachoifuata hubaki kitupu: "We did nothing but wait." Pasipokuwa na "do", "to" hurudi: "We had no choice but to wait." "Except" hufuata mkondo huo huo katika sentensi ya kwanza.

Kosa linalonikera kuliko yote ni "so that to". Linatoka moja kwa moja kwenye "ili kupata". "So that" hutaka mtenda wake na kitenzi kamili: "I left early so that I could catch the ferry." Ukitaka "to", tumia "in order to", "so as to", au "to" peke yake, ambayo mara nyingi hutosha kabisa. Kwenye kukanusha, usitegemee "not to" tupu, sema "I left early so as not to miss the ferry."

"Sijui kama niende" huwa "I don't know whether to go", si "if to go". "Whether" hukubali "to", "if" haikubali. Kwenye "either", angalia mizani: "either to pay or to leave", au "to either pay or leave". "Either to pay or leave" imeegemea upande mmoja. Na baada ya "than", "to" ni hiari: "It is easier to take the ferry than drive round by Dongo Kundu."

"Kabla ya kulipa" na "bila kulipa" vina "ku-" kwa Kiswahili, lakini Kiingereza hudai "-ing": "before paying", "without paying". "Before to pay" haipo. Mtego wa mwisho ni "look forward to", ambayo "to" yake ni kihusishi. Ipime kwa kuweka nomino: "We look forward to your reply" inakaa sawa, kwa hiyo kitenzi kikiingia hapo ni "to receiving your reply", si "to receive".