Timu ya tatu Championship haipandi moja kwa moja

Wengi wanaofuatilia soka la Uingereza huamini kwamba timu tatu za juu za Championship, daraja la pili, hupanda Ligi Kuu, kwa kuwa tatu za mkiani mwa Ligi Kuu hushuka. Zinazopanda ni tatu kweli, lakini kumaliza wa tatu hakutoshi.

Tazama msimu wa 2023/24. Baada ya mechi 46, Leicester City na Ipswich Town, wa kwanza na wa pili, walipanda moja kwa moja. Leeds United walimaliza wa tatu kwa pointi 90, Southampton wa nne kwa pointi 87. Tiketi iliyobaki ikagombewa kwa mchujo na timu za nafasi ya tatu hadi ya sita: nusu fainali za nyumbani na ugenini, kisha fainali moja uwanjani Wembley. Southampton wakaifunga Leeds 1-0 kwenye fainali hiyo, bao la Adam Armstrong. Leeds wakabaki. Inauma sana, ila kanuni ilijulikana kabla msimu haujaanza.

League One, daraja la tatu, nako Bolton Wanderers, wa tatu, walifungwa fainali 2-0 na Oxford United, wa tano. Ni League Two tu, daraja la nne, ambako wa tatu, Mansfield Town, walipanda bila mchujo. Crawley Town wakapenya kwa mchujo kutoka nafasi ya saba.